Ziwa la Mawe Nyuma ya Pazia

Jumamosi, 1 Februari 2003

Wifi Esnath, nisamehe. Daftari hili ulilituma pamoja na TV tangu mwezi wa kumi na moja, likakaa juu ya kabati mpaka panya wakala kona yake. Si kwamba nilikupuuza. Atupele ameota meno mawili kwa mpigo, nyumba yetu ndogo imevuja, maharage yalikuwa yanasubiri mtu wa kuyapura, na kila nilipokaa niandike nilisinzia kalamu ikiwa mkononi. Leo nimejikaza.

Uliniomba mambo mawili. Kwanza, nikuandikie hali ya macho ya baba. Pili, nikuandikie Ziwa la Mawe kila Jumamosi, kwa sababu zamu yako ya jioni huko Morogoro inakunyima kuiangalia. Nitaandika yote humu siku kwa siku. Tamthilia ikiisha nitampa kondakta wa basi akuletee.

Ujue kwanza tunakaaje. TV iko sebuleni kwa baba, nyumba kubwa. Mimi mkwe wake siwezi kuingia akiwepo, hilo unalijua, ingawa mtu wa kabila lingine akituona hudhani tumegombana. Simtazami, silitamki jina lake, sisemi naye. Kaka yako Jotham alifikiri akapata njia: TV ameiweka kwenye kona, inatazamana na mlango wa stoo, na mlango una pazia. Kiti cha baba kiko upande wa pili wa ukuta wa stoo. Kwa hiyo mimi nakaa juu ya gunia la maharage na Atupele mapajani, nanyanyua pindo la pazia, naona TV yote na miguu ya majirani. Baba simwoni, naye hanioni. Saa kumi na moja jioni kamili tunaanza.

Wewe uliishia sehemu ya saba. Sasa tuko thelathini na mbili. Zuriya, binti wa mhunzi, bado anatembea na yule ndege wa moshi begani, anatafuta vipande saba vya nyundo ya kwanza ili aligonge ziwa lililogeuka jiwe, maji yarudi. Amepata vitano. Mfalme Karuni bado anamfuata na bado anakula vivuli vya watu, na aliyeliwa kivuli anamsahau hata mama yake mzazi. Leo Karuni amekula kivuli cha mwalimu mbele ya darasa zima. Yule mwalimu akageuka, akawauliza watoto, "Ninyi ni wa nani?" Wifi, nilimkumbatia Atupele mpaka akalia.

Wametangaza kuwa sehemu ya mwisho ni tarehe ishirini na sita Aprili.

Jumanne, 4 Februari

Mvua. Nimepura debe moja. Atupele anaharisha kidogo, ni meno.

Jumamosi, 8 Februari

Watu walijaa hadi mlangoni, na Monica wa jirani ndiye aliyekaa mbele kama kawaida, kwa sababu betri inakwenda Tukuyu kuchajiwa kwa baiskeli ya mume wake, basi anajiona mkurugenzi.

Kipande cha sita kilikuwa tumboni mwa samaki wa jiwe. Zuriya hakumpasua. Alimwimbia mpaka akakitema. Mimi nimependa sana hapo. Wenye panga wako wengi, huyu anatumia kwanza akili, halafu sauti, panga la mwisho kabisa.

Ila kuna jambo limenikera. Baba alikuwa anauliza, "Sasa wanafanya nini?"

Monica akajibu, "Wanapigana, tata."

"Nani na nani?"

"Huyu na yule."

"Kwa nini?"

"Tata, kwa sababu wamekutana!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini baada ya hapo hakuuliza tena. Maneno anayasikia kwa kuwa wametia sauti za Kiswahili, lakini nusu ya tamthilia ile haina maneno, ni ngoma na upepo tu. Nadhani macho yake yamepungua kuliko anavyotuambia.

Alhamisi, 13 Februari

Nikiri jambo moja. Miaka miwili niliyoolewa hapa nilidhani baba ananidharau. Kila ninapofagia uani namsikia anakohoa kwa nguvu, khoo, khoo, kama mtu aliyeona uchafu. Leo nimemuuliza Jotham, amekuja kuchukua soksi zake. Akanicheka. "Anakuonya wewe upate nafasi ya kuondoka. Alikuwa anamkoholea hivyo hivyo mke wa marehemu kaka." Siku hizi anakohoa kila mahali. Asubuhi alikohoa mbele ya mgomba, akasubiri upishe njia.

Nilitaka kucheka nikashindwa.

Jumamosi, 15 Februari

Betri ilikata katikati. Monica anasema ni Tukuyu waliichaji kwa uvivu. Sina la kuandika.

Jumamosi, 22 Februari

Leo imenyesha ile mvua yetu ya kutoka Mlima Rungwe, ile isiyopiga hodi. Hakuna jirani aliyekuja. Tulikuwa watatu tu: baba kwenye kiti chake, mimi na Atupele stoo.

Ikafika mahali Zuriya anashuka kwenye ziwa lenyewe. Dakika nyingi hakuna neno hata moja. Nikamsikia baba anasema peke yake, taratibu, "Kumenyamaza. Au betri imekwisha?"

Hakuna wa kumjibu. Mimi kusema naye siwezi. Akasubiri. Akauliza tena, "Imekwisha?" Nikasikia kiti kinalia, anataka kuinuka apapase TV.

Basi nikamwambia Atupele. Kwa sauti ya kusikika, maana bati lilikuwa linapiga kelele. "Atupele mwanangu, haijaisha. Unaona? Zuriya amevua viatu, anakanyaga ziwa. Mawe yanamsogelea kama ng'ombe wanaotaka chumvi."

Kiti kikanyamaza. Halafu baba akasema, "Atupele mjukuu wangu, mawe hayo yana macho?"

"Hayana, Atupele. Yananusa."

"Na ndege wake je?"

"Amekuwa mdogo, Atupele. Amejificha kwenye nywele zake."

"Aha," akasema baba. "Ndaga fijo, mjukuu wangu." Ahsante sana. Atupele akacheua maziwa kwenye gauni langu.

Hivyo hivyo mpaka mwisho. Sikuvunja kitu, wifi. Mama anaongea na mtoto wake, babu anaongea na mjukuu wake. Nani atanikamata?

Jumamosi, 1 Machi

Mvua tena, majirani hawakuja tena. Leo nilijiandaa, nilimnyonyesha Atupele mapema na nikanywa chai kabisa nisikauke koo.

Baba anamwita Zuriya "Suliya", ulimi wetu wa kizamani. Kumbe anayempenda zaidi si Zuriya. Anampenda Goro, lile jitu bubu linalolinda daraja la kamba na kumsindikiza Zuriya. Hebu fikiri, mtu haoni vizuri, na jitu halisemi. Amewahi kusikia nyayo zake tu! Akamuuliza Atupele, "Goro yukoje?" Nikamwambia Atupele: ni mrefu, kichwa chake kinachukua ukungu na kuuvaa kama kofia, viganja vyake kama ungo, na akikaa chini nchi inashuka kidogo upande wake.

Baba akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia katika nyumba hii. Akasema, "Mtu mkubwa asiyesema hovyo. Huyo tungempa uenyekiti wa kijiji."

Jumatano, 5 Machi

Atupele amesimama mwenyewe kwa kushika gunia. Hesabu ya moja, mbili, kisha chini.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi, hili lisome ukiwa umekaa.

Upepo uliugeuza mwanzi wa antena kabla ya tamthilia kuanza. Sauti ikabaki nzuri kabisa, picha hakuna. Chenga tupu, nyeupe kama unga. Nikawa nangoja baba aseme nimwite mume wa Monica atoke augeuze mwanzi.

Baba akasema kwa furaha, "Leo picha imetulia, eh, Atupele? Leo namwona Suliya kabisa."

Haoni, wifi. Siyo anaona kidogo, siyo ukungu. Haoni TV. Anatudanganya wote, na nadhani anajidanganya na yeye. Ndiyo maana anagusa ukuta akitembea. Ndiyo maana Jumatano alikanyaga maharage yangu yaliyoanikwa na akasema ni mbuzi.

Ningefanya nini? Nikamwambia Atupele, "Ndiyo, mwanangu, leo picha nzuri." Nikasimulia nusu saa nzima kwa kusikiliza tu, na pasipokuwa na maneno nikatunga. Nimempa Goro mashua ya gome. Sijui kama ilikuwepo. Nisamehe na hilo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wametangaza: madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Makandana kuanzia tarehe kumi na nne Aprili, siku nne. Wenye mtoto wa jicho watapasuliwa. Kila mgonjwa aje na mtu wa kumwongoza, kulala naye, na kumtia dawa ya matone mara nne kwa siku, hata akirudi nyumbani, wiki kadhaa.

Nimemwambia Jotham yote ya jana. Amekaa kwenye kizingiti. Halafu akasema, "Alinifundisha kuchuma chai huyu. Alikuwa anaona jani lenye ugonjwa kutoka mistari minne."

Jumatano, 12 Machi

Jotham ameomba ruhusa kazini akaongea na baba. Baba amekataa. Siyo kwamba anaogopa kisu. Alisema, "Nani wa kunishika mkono? Mama yenu yuko kaburini. Esnath yuko Morogoro. Wewe ukikosa siku nne msimu wa chai, hao wenye kiwanda wapya wanamweka mwingine nafasi yako. Amebaki nani nyumbani?"

Jotham akasema, "Mama Atupele yupo."

Baba mkubwa Nsajigwa alikuwepo, unamjua kaka yake huyo. Akadunda fimbo chini. "Mkwe amshike mkwe? Mmeishiwa aibu ninyi? Na hiyo TV ndiyo imeanza kuwaharibu." Kesi ikafungwa hapo hapo.

Nilisikia yote kutoka jikoni. Nilikuwa nakuna nazi, nikakuna na kidole.

Jumamosi, 15 Machi

Karuni amekula kivuli cha mama yake Zuriya. Zuriya amefika kwao, mama amempokea kama mgeni, amempa maji, amemuuliza anatoka wapi. Zuriya akajibu tu, "Natoka mbali, mama." Hakupiga kelele. Alikunywa yale maji yote.

Waandishi wa tamthilia hii nawavulia kitambaa. Wangeweza kuweka kilio cha nusu saa. Wameweka kikombe cha maji.

Nilishindwa kusimulia hapo. Baba akasubiri, halafu akasema, "Atupele, mwache mama yako apumzike kidogo." Yaani alijua.

Jumamosi, 22 Machi

Jua limetoka, majirani wamejaa. Nilifikiri leo nitapumzika. Lakini baba aliwaambia, "Kaeni kimya, Atupele asimulie." Monica akageuka akaniona kwenye pindo la pazia, akanikonyeza. "Haya, Atupele, mtoto wa miezi kumi unajua maneno makubwa kuliko mwalimu mkuu!" Wakacheka lakini wakakaa kimya. Baadaye Monica aliniletea parachichi sita, akasema alikuwa haelewi kitu tangu mwezi wa kwanza, ameelewa leo.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimekuwa mkali. Nitakueleza, unihukumu mwenyewe.

Wiki nzima nilikuwa nafikiri. Siku za kujiandikisha zinaisha. Baba anakaa pale akiamini ataishi kwa masikio, na mimi ndiye ninayemsaidia kuamini. Kila Jumamosi nampa macho ya kuazima, anatosheka, hatafuti yake. Nimekuwa dawa ya usingizi.

Leo ilikuwa sehemu ya daraja. Walitangaza wiki nzima. Jeshi la Karuni linavuka, Goro peke yake mlangoni mwa daraja, dakika ishirini za ngoma bila neno. Mvua ilikuwa kubwa, majirani hakuna.

Ngoma zilipoanza, nikasema, "Atupele, mama amechoka. Kuanzia leo hatusimulii. Kuna madaktari Makandana. Anayetaka kumwona Goro aende akachukue macho yake."

Nikafunga mdomo.

Wifi, dakika ishirini! Goro alipigana kama sijui nini. Walimkata mkono. Kamba zikakatika moja baada ya nyingine. Picha ile nitaikumbuka mpaka nizeeke: mkono mmoja unashikilia daraja zima, na Zuriya anatambaa juu yake kama mtu anayetambaa juu ya mgongo wa baba yake. Machozi yalinitoka na sikusema neno.

Baba aliuliza mara ya kwanza, "Atupele, wamefika darajani?" Kimya. Mara ya pili, "Goro yuko wapi?" Kimya. Mwisho kabisa ngoma zikaisha na ule muziki wa kufunga ukaanza, akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza mama yake amekwenda wapi, "Goro amepona?"

Nilimbeba Atupele nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenye mvua. Sijapika. Tumekula ndizi za jana.

Jumapili, 30 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi Jotham alipotoka kwa baba alikuwa na uso wa ajabu. "Baba anasema atakwenda. Tuitishe kikao cha jambo la mkwe. Lakini anasema uniambie kwanza mimi, nimwambie yeye, kama Goro yuko hai."

"Mwambie yuko hai. Ana mkono mmoja."

Jotham akaenda. Niliwasikia. Baba akasema, "Upi?"

"Upi, mke wangu?" Jotham akaita.

"Wa kulia umebaki!"

"Afadhali," akasema baba. "Wa kulia ni wa kulia."

Jumatano, 2 Aprili

Kikao. Mimi nilikaa jikoni, mlango wazi. Baba mkubwa Nsajigwa alianza na historia ya ukoo mzima, akafika kwenye ukutila, huku kumwogopa mkwe kwetu, kwamba ndiko kunakofanya nyumba iwe nyumba. Sikumpinga moyoni. Mimi nimelelewa hivyo na Atupele nitamlea hivyo. Heshima siyo mzigo kwangu. Ila baba awe kipofu kwa ajili yangu, hapana.

Baba akasema, "Kaka, wakinipasua watanifunga jicho. Hili jingine halioni. Mtu asiyeona atamwonaje mkwe? Sheria haijaguswa."

"Na yeye atakuona wewe!"

"Basi na yeye afungwe kitambaa."

"Halafu nani amwongoze nani?" akauliza Jotham, na nikasikia hata baba mkubwa anakohoa kuzuia kicheko.

Wameafikiana hivi. Nitajifunika kanga kichwani hadi usoni. Hatutashikana mikono: yeye atashika ncha ya fimbo, mimi ncha nyingine. Maneno yatapita kwa Atupele. Na baba mkubwa atakwenda nasi, yeye ndiye atakayetia dawa. Baba ametoa jogoo na kitenge viwekwe mezani kwangu, ili isisemwe nilitumwa bure. Kitenge ni cha kijani. Kizuri, wifi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimerudi kusimulia. Kipande cha saba amekipata. Kilikuwa kwenye mundu wa mama yake tangu mwanzo, na yule mama asiyemjua tena akakichomoa, akampa mwenyewe kwa kuwa alimwonea huruma mgeni.

Jumamosi, 12 Aprili

Wanaelekea ziwani. Baba hakucheka leo. Aliuliza tu kama Atupele anajua kwenda hospitali. Nikamwambia Atupele kwamba anajua, na kwamba mama yake pia anaogopa kidogo, siyo yeye peke yake.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika kwenye benchi, Makandana.

Tulipanda gari la ndizi alfajiri. Msafara wetu ungeuona: mbele mimi nimefunikwa kama bibi arusi, Atupele mgongoni, fimbo nyuma yangu, ncha ya pili baba, nyuma yake baba mkubwa na mwavuli akimfunika mdogo wake na yeye mwenyewe akilowa. Njia ina matope. Nilikuwa nasema, "Atupele, hapa kuna shimo. Atupele, panda hatua." Muuza karanga akaniambia, "Dada, huyo mtoto amefungwa mgongoni, apande hatua ipi?" Baba mkubwa akamtolea macho mpaka akasogeza meza yake.

Wamempasua saa nne. Jicho la kulia kwanza. La kushoto wamesema mwezi wa kumi watakaporudi.

Jumatano, 16 Aprili

Nesi amefungua bandeji. Mimi nilitoka nje kabla, nikasimama nyuma ya mlango, maana sasa jicho litaona, na sheria imerudi. Lakini nilimpa nesi Atupele.

Nilisikia, "Mzee, unaona nini?"

Nesi akarudia, "Mzee?"

"Naona mtoto," akasema baba. "Ana masikio ya mama yangu." Halafu akaanza kulitaja jina lake, Atupele, Atupele, mara nyingi, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Baba mkubwa alitoka nje akifuta pua. Aliponiona hakugeuka. Akasema, "Mama Atupele, umefanya kazi." Hayo tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumerudi. Tatizo: mikono ya baba mkubwa inatetemeka. Tone la kwanza puani, la pili sikioni. Jioni baba akamwambia Atupele, "Mwambie mama yako atie yeye. Kaka yangu ananinywesha kwa pua. Mimi nitafumba hili linaloona mpaka atakapolifungua kwa kidole, na nitaangalia dari." Baba mkubwa akaninyooshea kichupa bila ubishi, akatoka kwenda kukagua kahawa.

Kwa hiyo sasa ninatia mimi, mara nne kwa siku. Yeye anaangalia dari. Mimi naangalia tone.

Jumamosi, 19 Aprili

Nesi alikataza TV wiki moja. Amekaa akiwa ameipa mgongo, mimi nasimulia. Wamefika ziwani, nyundo imekamilika.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Nilikuwa napita na ndoo, baba akatoka mlangoni ghafla. Hakukohoa, maana hakujua nipo. Aliniona. Mara ya kwanza katika miaka miwili ameniona wazi, uso mzima, na ndoo kichwani, siwezi kuinama. Basi yeye mwenyewe akageukia ukuta, jicho lake jipya likatazama udongo, akasimama hivyo hadi nikapita.

Nilimimina maji kwenye mtungi nikakaa chini kidogo.

Jumamosi, 26 Aprili

Mwisho.

Kijiji kizima kilikuja, wengine walisimama dirishani kwenye mvua. Baba alivaa koti la kanisani. Mimi stoo, pazia, gunia. Leo nilijua sihitajiki, na nakuambia ukweli, iliniuma.

Zuriya aliligonga ziwa kwa ile nyundo. Hakuna kilichotokea. Akagonga tena, mpaka akapiga magoti. Karuni akacheka. Kisha watu waliopoteza vivuli, wasiomjua Zuriya wala kujuana, wakaanza kuja mmoja mmoja na vitu vya nyumbani: mchi, jembe, kijiko kikubwa cha pombe. Mama yake alikuja na mundu. Wote wakagonga, kila mtu mara moja. Na maji yakaja, siyo kwa kishindo, yalichomoza kwenye ufa kama jasho, na katika maji yale kila mmoja akaona kivuli chake. Karuni alitafuta chake akakosa, akaondoka akiuliza watu jina lake ni nani. Hawakumwua. Ndege wa moshi akapaa akawa wingu.

Monica anasema mwisho ni baridi, alitaka harusi. Mimi naona wamemaliza vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Miezi yote walitufundisha kumtegemea mmoja, halafu siku ya mwisho wakatupa mchi mkononi.

Watu walipotoka, baba alibaki. Nilimsikia anahema. Halafu akasema, "Atupele."

Nikasubiri.

"Atupele mjukuu wangu, yule mwenye mkono mmoja, aliyekuwa amesimama karibu na mama wa Suliya. Ndiye Goro?"

"Ndiye, Atupele."

"Mbona mfupi?"

Wifi, nilikosa pa kuficha uso. Ni kweli, Goro ni mtu mnene tu wa kawaida, labda ana futi sita. Ukungu wa kofia niliuweka mimi. Viganja vya ungo ni vyangu, na nchi kushuka ni yangu pia.

"Mwambie mama yako," akasema baba, "huyu wa kwenye TV ni mwema, namheshimu, amefanya kazi yake. Lakini wa kwangu hajafa na hajamaliza. Jumamosi ijayo saa kumi na moja nitakuwa hapa. TV tutaizima, tusimalize betri bure."

Nimekubali. Nimemwambia Atupele nimekubali.

Jumapili, 27 Aprili

Kondakta anapita kesho asubuhi, kwa hiyo nafunga. Baba anaona. Asubuhi hii amechuma mwenyewe majani mabovu ya kahawa, mistari miwili.

Vinavyohitajika bado ni hivi. Dawa ya matone vichupa viwili, karatasi yake nimeibandika ukurasa huu, usikubali wakupe nyingine. Miwani ya giza ya mtu mzima, ya plastiki, isiwe ya urembo. Kitambaa cheupe laini yadi moja cha kufutia jicho. Sabuni ya kipande, mbili. Viatu vya Atupele, mguu wake nimeuchora nyuma ya daftari, ongeza kidole kimoja. Daftari la kurasa mia moja na kalamu mbili za buluu. Na ruhusa yako ya kazini kwa maandishi, siku tano za mwezi wa kumi, kwa jicho la kushoto.